Umepata kioja mtandaoni: ukipeleke kwenye grupu, stetasi, chaneli au barazani?

Nitavitumia vioja vinne kupimia. Kila kimoja kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo huamua kama kitafika salama au kitaharibikia njiani.

Cha kwanza ni cha hapa hapa kwetu, Pwani ya Kenya. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipovuka Bahari ya Hindi, mtoto wa kiboko alikutwa amekwama kwenye mwamba wa baharini karibu na Malindi. Kesho yake watu walimvua, akaletwa Haller Park pale Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya kiwanda cha simiti yaliyogeuzwa msitu. Akapewa jina la Owen. Hakukaa sana akamwandama kobe dume wa aina ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, aitwaye Mzee. Wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, wanaogelea pamoja. Picha zao zilizunguka dunia nzima, na mpaka leo kuna watu wanaziona kwa mara ya kwanza wakadhani ni uongo.

Cha pili ni birika la kahawa la Cambridge. Mwaka 1991, wataalamu wa kompyuta wa chuo kikuu hicho walikuwa wakitoka vyumbani mwao kufuata kahawa na kukuta birika tupu. Wakategesha kamera, picha ya birika ikawa inaonekana kwenye kompyuta zao. Mwaka 1993 picha hiyo ikaunganishwa na wavuti, na watu wa kila bara wakawa wanatazama kahawa wasiyoweza kuinywa. Kamera ilizimwa Agosti 22, 2001, na birika lenyewe likauzwa mnadani kwenye eBay kwa pauni 3,350. Mnunuzi alikuwa jarida la mtandaoni la Ujerumani, Spiegel Online.

Cha tatu ni twiga wa Malindi aliyepelekwa China zama za mfalme Yongle. Husambazwa na mchoro mzuri wa kale, twiga amefungwa hatamu na mtu amemshika kamba. Hapa pana mtego, tutaufikia.

Cha nne ni yule bwana aliyepigwa picha Agosti 8, 2017, siku ya uchaguzi, amesimama kwenye foleni ya kura akila githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Kenya nzima ikacheka naye kwa wiki kadhaa. Wachache hukumbuka kwamba mfuko ule ulibakiza siku 20 tu za uhalali, maana marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Agosti 28 mwaka huo huo.

Sasa, kila mahali pa kupeleka vitu hivi nitapauliza: nani atakiona, kitakaa muda gani, na mwenye kutaka kujua kimetoka wapi ataipata njia? Kwangu hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu kioja kisichojulikana kwao hakikumbukwi kesho wala hakiaminiki leo.

Grupu la WhatsApp

Wengi wetu hapa ndipo mkono unapokwenda wenyewe. Mtu wa Mombasa ana grupu la ukoo, la mtaa, la waliosoma pamoja, la chama, na la harusi iliyokwisha mwaka juzi ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulifunga. Ukipata cha kuchekesha, vidole vinakwenda humo kabla akili haijaamua.

Uzuri wake ni kwamba kicheko kinasikika. Mmoja akijibu, wa pili anaongeza, wa tatu anatoa kingine kinachofanana, na baada ya nusu saa mazungumzo yamekuwa matamu kuliko kioja chenyewe. Hakuna sehemu nyingine mtandaoni inayokupa hilo kwa urahisi namna hii. WhatsApp iliongeza idadi ya watu kwenye grupu hadi 1,024 mwaka 2022, lakini sijaona raha ikiongezeka na hesabu. Watu kumi wanaojuana wanatosha. Wakizidi mia, wanaocheka ni wale wale wanne na wengine wote wanasoma kimya au wameinyamazisha simu.

Tatizo ni kwamba wengi hawakuingia humo kwa ajili ya vioja. Mtu aliingia grupu la msiba ajue maziko ni saa ngapi na mchango utumwe nambari gani. Sasa orodha ya waliochanga imefika jina la kumi na saba, halafu nyani ananyolewa ndevu kinyozini, halafu jina la kumi na nane. Aliyetuma huyo nyani si mtu mbaya. Alibonyeza magrupu matano kwa mkupuo, na la msiba likawa mojawapo. WhatsApp yenyewe iliweka kikomo hicho cha mazungumzo matano kwa dunia nzima Januari 2019 ili kupunguza uvumi, na Aprili 2020 ikabana zaidi: ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, hupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Hiyo mishale miwili inafaa kuheshimiwa. Ukiiona, jua wanagrupu wako nusu yao walishakiona kwa mtu mwingine.

Lipo na suala la umri na adabu. Grupu la ukoo lina vijana, lina ami, lina shangazi. Kiboko na kobe wa Bamburi hapo wamefika nyumbani. Maongezi yake huwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Tazama hawa wa Haller Park."

"Marahaba mwanangu. Hii ni kweli ama ni zile picha za kompyuta?"

Shangazi ameuliza swali la maana. Ukiwa umetuma picha tupu, huna jibu ila "ni kweli, wallahi". Ukiwa umetuma na linki, jibu limo ndani yake, na shangazi atalipeleka kwa shoga zake likiwa na miguu yake yote. Grupu pekee ambalo sina neno nalo ni lile lililoundwa makusudi kwa vioja, watu wanane au kumi, kila mmoja kaingia kwa hiari, na admini mwenye kusema "hili tulishaliona" bila haya.

Kumbukumbu? Duni. Kutafuta kitu cha miezi sita iliyopita ndani ya grupu lenye salamu za Ijumaa na pole na hongera ni kazi ya kutwa, hata kama sehemu ya kutafutia ipo.

Stetasi

Stetasi ya WhatsApp, iliyokuja 2017 na kufutika baada ya saa 24, ndiyo sehemu yenye adabu kuliko zote. Humsukumii mtu kitu. Unaweka mlangoni kwako, anayetaka anatazama, asiyetaka anapita, na mwenye la kusema anakujibu faraghani. Majibu hayo ya faragha ndiyo hasa uzuri wake. Mtu asiyefungua mdomo kwenye grupu lolote atakujibu hapo, tena kwa urefu, kwa sababu hakuna hadhira.

Wanaoiona ni wale tu mliohifadhiana nambari. Hapo ndipo penye kuangalia, maana kwa mtu wa mji huu orodha hiyo ina mwenye nyumba, bosi, fundi wa friji, mwalimu wa madrasa ya watoto na dereva wa tuktuk wa Nyali uliyemwita mara moja. Kioja cha kucheka na maskani yako si lazima kiwe cha kucheka na mwenye nyumba. Mpangilio wa kuwaficha baadhi ya watu, au kuchagua wachache tu, upo na unafanya kazi. Wengi hawajawahi kuufungua.

Halafu kuna ushindani. Stetasi za Mombasa ni soko: madera, udi, manukato, mahamri ya oda, keki, nyumba ya kupanga Bombolulu, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani. Kioja chako kitapita katikati ya hayo kwa sekunde chache. Kwa hiyo kifupi hushinda kirefu. Yule bwana wa githeri hapa anatamba: picha moja, sentensi moja juu ya ule mfuko na siku zake 20, basi. Birika la Cambridge linahitaji maelezo, na maelezo kwenye stetasi ni picha nne mfululizo ambazo mtu anazigonga apite.

Kasoro yake haina dawa: kesho hakipo. Wiki ijayo mtu atakuuliza "kile cha kobe ulichoweka juzi kiko wapi?" na wewe unaanza kupekua simu. Kioja cha kuchekesha ni samaki wa asubuhi, hakilalamikiwi kikiisha jioni. Lakini kioja chenye elimu ndani yake kinastahili maisha marefu kuliko siku moja.

Chaneli: ya WhatsApp au ya Telegram?

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli kwa mtu anayekusanya vioja kila siku na si mara moja moja. Chaneli ni njia ya upande mmoja: wewe unaweka, wafuasi wanasoma, hawaonani wenyewe kwa wenyewe.

Chaneli za WhatsApp zilianza 2023, na nguvu yake ni moja tu, lakini ni kubwa: watu tayari wako humo. Huhitaji kumwambia ami apakue programu nyingine. Nambari yako haionekani kwa wafuasi, jambo ambalo grupu halikupi. Lakini waliozindua walisema historia ya chaneli itahifadhiwa kwenye mitambo yao kwa hadi siku 30, na hata pasipo hilo, muundo wake umejengwa kwa ajili ya cha leo. Timu za mpira na vyombo vya habari vinafaidi. Mkusanyaji wa vioja hafaidi sana.

Telegram imekuwa na chaneli tangu 2015, na tofauti unaiona ukitafuta. Ulichoweka miaka mitatu iliyopita kipo, kinatafutika kwa neno, kwa alama ya reli, kwa aina: picha peke yake, linki peke yake, sauti peke yake. Faili zinafika ukubwa wa gigabaiti 2. Chaneli ya wazi inasomeka hata kwa mtu asiye na programu, akifungua kwenye kivinjari. Unaweza kuandika usiku ukapanga kitoke saa mbili asubuhi, wakati watu wako kwenye feri ya Likoni hawana la kufanya ila simu. Hata usipotaka wafuasi, kuna ile sehemu ya kujitumia mwenyewe ujumbe, na mimi naona hiyo peke yake inatosha sababu ya kuipakua: kila unachokiona unakitupia humo, kisha jioni unachagua kipi kinastahili kwenda kwa watu.

Kwa vioja vyetu vinne, Telegram inavimudu vyote, na birika la Cambridge hapa ndipo linapata haki yake. Unaandika aya tatu, unaweka picha ya kijivu iliyokuwa ikirushwa, unaongeza mkia wake mzuri: Aprili 1, 1998 wahandisi wa intaneti walichapisha kwa mzaha kanuni rasmi za kuendesha mabirika ya kahawa kupitia mtandao, na ndani yake kosa namba 418, linalotokea pale kompyuta inapoagizwa ichemshe kahawa ikajibu kwamba yenyewe ni buli la chai. Namba hiyo bado imo kwenye programu nyingi za kweli. Mwenye kufuata chaneli amekuja kwa ajili ya mambo kama hayo na hatakuuliza yanamsaidia nini.

Mabaya yake? Kwanza upweke. Unaweka kitu kizuri, unaona idadi ya waliotazama, kimya. Pili, Telegram ina sifa ya uchochoro: filamu za wizi, matapeli wa pesa za kidijitali, na wauza mitihani. Hao wa mwisho wametugharimu sote. Novemba 2023 na tena Novemba 2024, Telegram ilikwama hapa Kenya kipindi cha mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari, na mara hiyo ya pili Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo iliyotoa agizo. Chaneli yako ya twiga na makobe ilizimika pamoja na ya wauza mitihani, kwa kosa lisilo lako.

Uwanja wa wageni: X, TikTok, Facebook

Ukipeleka kioja X, umekitoa nyumbani. Utakutana na watu usiowajua, na hiyo ndiyo faida na ndiyo hasara. Wakenya wa huko wana historia ya kutoacha kitu kipite: mwaka 2012, na tena Julai 2015 Obama alipokuwa anakuja, waliiandama CNN kwa alama ya #SomeoneTellCNN kwa jinsi ilivyoieleza nchi yao. Ukali huo huo utaelekezwa kwako ukikosea tarehe.

Ndiyo maana twiga nampeleka huko. Ule mchoro maarufu unaosambazwa kama "twiga wa Malindi" ni wa mwaka 1414, na maandishi yaliyo juu yake yanamtaja mtawala wa Bengal kuwa ndiye aliyemtuma mnyama. Twiga aliyepelekwa na Malindi yenyewe alifika China mwaka 1415. Huenda hata yule wa Bengal alitoka pwani hii ya Afrika Mashariki, maana Bengal haina twiga, lakini mchoro si wake yule wa 1415. Kwenye grupu la ukoo ukilisema hili utaonekana mjuaji. X utapata mtu aliyesoma historia ya safari za Zheng He, nahodha wa Yongle, akuongezee kwamba Wachina walimwona kuwa ni qilin, mnyama wa ngano zao mwenye kuashiria neema, na kwa hiyo aliyemleta alijua anachofanya. Utapata na mtukanaji mmoja. Ndiyo bei.

Kasoro nyingine ya X ni kwamba tangu 2023 asiye na akaunti haoni mengi, kwa hiyo linki yake ukiituma barazani inafunguka nusu.

TikTok si mahali pa kupeleka kioja, ni mahali pa kukisimulia. Kama una sauti na uso usioogopa kamera, Owen na Mzee wanaweza kukufanya jina kwa sekunde 60, hasa ukijirekodia pale Bamburi penyewe. Kama huna, utaishia kupakia mkanda wa mtu mwingine ambao tayari una alama ya mtu wa tatu, na huo ni uchuuzi. Facebook bado ina wazee na ina magrupu ya picha za kale za Pwani yenye watu wenye kumbukumbu ya ajabu. Ukiwa na picha ya zamani ya Mombasa, nenda huko moja kwa moja usihangaike kwingine.

Barua pepe kwa marafiki kila wiki ni jambo zuri kwa watu wanaofungua barua pepe. Mombasa hao ni wachache, na wakifungua wanatafuta risiti.

Barazani

Msinicheke kwa kuliweka baraza kwenye ulinganisho wa mtandao. Simu inayozungushwa mkono kwa mkono kwenye baraza la Mji wa Kale, baada ya isha, ni njia ya kusambaza kama nyingine yoyote, na kwa jambo moja inazishinda zote: unaona nyuso.

Pale hakuna anayejifanya amecheka. Kioja kikiwa baridi, simu inarudi kwako bila neno na mazungumzo yanaendelea na mpira. Kikiwa cha kweli kwa walioketi, kinafunguka zaidi ya ulivyokileta. Mwonyeshe mzee wa Bamburi picha ya Owen, atakueleza machimbo yalivyokuwa jangwa jeupe kabla René Haller hajaanza kupanda miti mwaka 1971. Hiyo hukuipata kwenye linki. Taja ile vita ya Zanzibar ya Agosti 27, 1896, inayoitwa fupi kuliko zote duniani, na utasikia ubishi wa kama ilikuwa dakika 38 au 45 ukichukua muda mrefu kuliko vita yenyewe.

Na birika la Cambridge? Barazani linachekesha kuliko popote, kwa sababu ambayo wenyewe wa Cambridge hawakuwa nayo. Huku kahawa ndiyo inayokufuata. Muuza kahawa anapita na dele lake na mkaa wake chini, vikombe vinagongana mkononi, na wewe hujanyanyuka. Mtu atauliza, "Sasa yakhe, kamera ya nini?" na hapo ndipo mkasa mzima unapoeleweka: ni hadithi ya watu wasio na muuza kahawa.

Baraza halina kumbukumbu, halina kutafuta, na mwenye kukosa siku hiyo amekosa. Pia linataka uwepo. Mtu wa zamu za bandarini au aliye Doha halimfai. Wala si kila mtu ana baraza lake la kukaa. Kina mama wana mabaraza yao ya ndani, ambako nasikia viwango vya vioja viko juu zaidi, lakini siwezi kuyalinganisha nisiyoketi.

Linki, skrinshoti au mkanda wenyewe?

Kuchagua mahali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni umbo, na hapa watu wengi huharibu kioja kizuri.

Skrinshoti ni nyepesi na inafunguka papo hapo, hata kwa mwenye bando la kukwangua. Lakini inakata kitovu. Jina la mwandishi limebaki nje ya ukingo, tarehe imepotea, na baada ya kupita magrupu kumi herufi zimekuwa ukungu. Yule twiga wa 1414 alipotea hivyo hivyo: mchoro ulisafiri, maelezo yakabaki.

Mkanda wenyewe ndio mzigo. Ukiupakia kwenye grupu la watu mia, umewatoza wote mia, hasa wale ambao simu zao zinapakua kila kitu bila kuulizwa. Tunasahau kwamba data ilitufikia kwa gharama. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea satelaiti, kabla nyaya za TEAMS na Seacom hazijatua hapa hapa Mombasa kutoka chini ya bahari. Na nyaya hizo hukatika: Mei 12, 2024 Seacom na EASSy zilikatika pamoja na mtandao wa Afrika Mashariki nzima ukalegea. Siku kama hiyo maandishi yanapita, mkanda unazunguka kiduara mpaka uchoke.

Linki ni nyepesi na ni ya haki kwa mwenye kazi yake. Ubaya wake ni kwamba wengi hawabonyezi, wengine kwa uvivu, wengine kwa kuogopa matapeli, na hao wa pili siwalaumu. Kurasa pia hufa. Kwa ukurasa unaoupenda kweli, uhifadhi kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo inafanya kazi hiyo bure, kisha tuma linki ya nakala hiyo. Na kuna vioja ambavyo linki inavizidisha utamu. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa kuanzia 1593 hadi 1596, ikitazamwa kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Ukituma picha, mtu anasema "sawa". Ukituma linki ya ramani ya satelaiti, anaizungusha mwenyewe, anautafuta mkono na kichwa, na dakika kumi zimekwisha.

Ninachokipendekeza ni skrinshoti moja safi, linki chini yake, na sentensi moja ya kwako inayoeleza kwa nini umetuma. Hiyo sentensi isikose. "Tazama hii 😂😂" haimwambii mtu kama abonyeze sasa au akifika nyumbani. Na kabla ya picha yoyote ya kushangaza kupita kiasi, itafute kwa Google Lens au TinEye uone ilianza wapi. Ni kazi fupi kuliko kumwomba shangazi radhi.

Basi uchague nini?

Kama unatuma kimoja kwa wiki na unataka kicheko tu, tumia stetasi, na uchuje nani anaiona. Sioni sababu ya kwenda mbali zaidi.

Kama una maskani ya watu wanaopenda mambo haya, undeni grupu lao peke yao, dogo, na myaache magrupu ya ukoo na misiba yafanye kazi yake. Kwenye la ukoo peleka vile tu vinavyowahusu: Bamburi, Malindi, picha za kale za Makadara. Wazee watakupa zaidi ya ulichowapa.

Kama wewe ni mkusanyaji, chaneli ya Telegram iwe ghala na stetasi iwe dirisha lake: kila siku unaonyesha kimoja, na linki ya chaneli inakaa chini kwa mwenye kutaka vingine. Huo ndio mpango ninaouona unafaa kuliko yote niliyoyataja, hata kuliko chaneli ya WhatsApp yenye watu wengi zaidi, kwa sababu anayekuja miaka miwili baadaye bado atakikuta kitu na atajua kimetoka wapi. Vya ubishi wa tarehe, X au barazani, kutegemea kama unataka kusahihishwa na wageni au na ami.

Ila chaneli hiyo usiizindue Novemba.